Kisu ni kioo: kupiga picha visu vya wahunzi katikati ya umati wa BLADE Show, Atlanta

Mtu wa Lindi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Huu uzi nimeuahirisha miaka miwili. Nauandika leo kwa kuwa nimerudi tena kutoka maonyesho ya visu ya BLADE Show hapa Atlanta, na safari hii mhunzi mmoja mzee alizitazama picha nilizopiga kisu chake, akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia nimtumie zote.

Kwa asiyeyajua: hufanyika kila mwaka mwezi wa Juni, siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Yanaandaliwa na jarida la BLADE, na kwa miaka mingi yalikuwa Cobb Galleria, pembeni mwa jiji. Ndani kuna mamia ya meza. Viwanda vikubwa vipo, lakini mimi huenda kwa ajili ya wale wanaokaa wenyewe nyuma ya meza zao: watu wanaofua chuma kwa nyundo, wanasugua bapa kwa msasa siku nzima, wanachonga mpini na kushona ala ya ngozi, halafu wanakuja na visu sita au kumi ambavyo ni jasho la miezi. Kuna ambao hadi Ijumaa jioni meza iko tupu, vyote vimechukuliwa. Kisu kikishaondoka na mnunuzi, mhunzi anabaki na picha tu. Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito.

Mwaka wa kwanza nilipiga picha zaidi ya mia tatu. Nilikuwa na kamera nzuri, lenzi nzuri, na uzoefu wa harusi na mahafali. Usiku nilipozifungua kwenye kompyuta, kila bapa lilikuwa na mistari ya taa za darini. Mengine yalionyesha shati langu jekundu. Bapa moja, ambalo mwenyewe aliniambia kalisugua siku nne, lilikuwa na uso wa mtu aliyekuwa anapita na soda. Chuma chenyewe hakikuonekana popote.

Nikakaa na picha hizo wiki nzima mpaka likaniingia jambo ambalo ndilo uzi wote huu: chuma kilichong'arishwa ni kioo. Hakina rangi yake. Ukielekeza kamera kwenye bapa, unapiga kile ambacho bapa linakiona. Kazi yako ni kuamua bapa lione nini.

Chukueni mfano wa bati jipya. Jua la saa saba mchana, umesimama barabarani, paa la jirani linakuchoma macho kwa weupe. Sogea hatua tatu, bati lile lile limekuwa kijivu, limetulia. Bati halijabadilika wala jua halijahama, umehama wewe. Bapa ni hivyo hivyo, ila kwa kisu zile hatua tatu ni nyuzi mbili tu za kukiinamisha.

Sasa vitendo. Vitu vyangu vyote vinaingia kwenye begi moja la shule: kamera, lenzi ya makro ya mm 100 (ya kupiga vitu kwa karibu), flashi moja ndogo na kifaa cha kuiwasha kwa mbali, karatasi ile ya wachora ramani inayopitisha mwanga, manila nyeupe vipande viwili na nyeusi kimoja, kitambaa laini cha kufutia miwani, glavu za pamba, na donge la plastisini ya watoto. Tripodi naiacha nyumbani. Njia kati ya meza ni finyu na watu ni wengi, mtu akijikwaa mbele ya meza iliyojaa visu si jambo la kuombea.

Kisu nakilaza. Karatasi ya ramani naiegemeza juu yake kama paa la kibanda, upande mmoja ukiwa wazi kwa ajili ya lenzi. Flashi inapiga kutoka nyuma ya karatasi, na karatasi nzima inageuka taa moja kubwa, laini. Bapa sasa linaiona karatasi, halioni ukumbi. Kama kisu kina sm 30, karatasi iwe kubwa kuliko hapo kwa kila upande, la sivyo nusu ya bapa itakuwa nyeupe na nusu itaendelea kutazama dari.

Wengi huishia hapo, wanapata bapa jeupe tupu kama sahani ya plastiki. Umbo limepotea. Ndipo unaingiza manila nyeusi pembeni, pole pole, mpaka uone kivuli kikianza kutambaa kutoka mgongo wa kisu kuelekea kwenye makali. Kivuli hicho ndicho kinachomwonyesha mtazamaji mteremko uko wapi, mkunjo uko wapi, na mahali ambapo mhunzi alisimamisha tupa yake. Natumia muda mwingi kwenye hiyo manila nyeusi kuliko kitu kingine chochote.

Mipangilio yangu: tundu la lenzi f/8 mpaka f/11 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), ISO 100, yaani kamera isihisi mwanga sana, na shata 1/200 ya sekunde. Piga kwanza picha moja bila flashi. Ikitoka nyeusi kabisa, taa za ukumbi hazikuhusu tena, zile za darini zenye weupe wa baridi na zile za njano ambazo mhunzi kaweka mezani kwake. Ikitoka inaonyesha chochote, bana tundu la lenzi kidogo na uongeze nguvu ya flashi. Lakini msikimbilie f/22 mkidhani mtapata picha kali zaidi. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo namna hiyo unatawanyika, na picha nzima inalegea.

Nitaendelea chini na habari ya kumwendea mhunzi, maana hapo ndipo nilipokosea vibaya zaidi.

---

Kamera Mkononi

Mkuu heshima kwako, uzi umetulia huu. Mimi napiga picha za bidhaa hapa Mwanza, masufuria na vijiko vya maduka, kwa hiyo shida ya kuona uso wangu kwenye kila picha naijua vizuri sana.

Naomba kuuliza. Kwa nini usifunge filta ya polaraiza ukamaliza kazi? Mimi nikipiga ziwa au dirisha la gari naizungusha tu, mng'ao wote unaondoka.

---

Mtu wa Lindi

Mkuu, umeuliza kitu ambacho kilinigharimu pesa. Nilinunua filta hiyo kwa ajili ya visu, nikaizungusha mpaka vidole vikachoka, bapa likabaki vile vile.

Mng'ao wa maji, kioo, vanishi na rangi, ukiutazama kwa pembe fulani, mawimbi yake ya mwanga yamelala upande mmoja, na filta inaweza kuyazuia. Chuma hakifanyi hivyo. Chuma kinarudisha mwanga ulivyokuja, na filta ya kwenye lenzi haina cha kushika. Ndiyo maana sufuria zako hazikusikia.

Inapokufaa ni kwenye mpini. Kama mpini ni wa mti uliong'arishwa, filta inaondoa ule utando mweupe wa juu na unaona nyuzi za mti zikitoka. Kwa hiyo ifunge, ila zungusha ukitazama mpini, usitazame bapa.

---

Binti Malindi

Hamjambo wadau. Mimi sina kamera, nina simu tu, na nadhani wengi tunaosoma hapa tuko hivyo. Kakangu hutengeneza visu vya jikoni kwa chuma cha springi za magari, anauza kwa mahoteli ya watalii. Nikimpigia picha, makali yanaonekana yamepinda na mpini ni mkubwa kuliko kisu chenyewe. Halafu kuna wakati picha inatoka na mistari myeusi imelala kama pundamilia. Hiyo ni nini?

---

Mtu wa Lindi

Dada, hongera kwa kaka yako. Chuma cha springi ni chuma kizuri cha kisu, mwambie asikidharau.

Mpini kuwa mkubwa: unakaribia mno. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na kilicho karibu nayo kinavimba. Rudi nyuma hatua moja, kisha tumia lenzi ya 2x au 3x ya simu kama ipo. Kisu kitarudi kwenye vipimo vyake. Kwa mhunzi hili lina maana kubwa, maana uwiano wa bapa na mpini ndio kitu alichokaa akakiwaza muda mrefu kuliko vyote. Na zima ile namna ya kupiga sura za watu inayofifisha nyuma. Simu haijui ncha ya kisu ni nini, inaifuta pamoja na meza.

Mistari ya pundamilia ni taa. Umeme wa kwenu Kenya, kama Tanzania, ni wa Hz 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini shata ya haraka inaikamata taa ikiwa nusu imezimika. Weka shata 1/50 au 1/100. Huku Marekani ni Hz 60, kwa hiyo mimi nikipiga bila flashi naweka 1/60 au 1/120. Au toka nje kabisa, kaa kivulini chini ya mwembe, weka kisu kwenye ubao, egemeza manila nyeupe upande wa pili wa kisu ili bapa liione.

Halafu chukua kipande cha manila nyeusi, toboa tundu la ukubwa wa lenzi ya simu, upige kupitia hapo. Bapa halitakuona wewe wala gauni lako. Kwa shilingi chache tu hakuna kitu kitakachokusaidia zaidi ya hicho.

---

Mtu wa Lindi

Naendelea na nilipoahidi.

Maonyesho si studio. Mhunzi kalipia meza, kasafiri, na ana siku tatu tu za kurudisha gharama. Ukisimama mbele ya meza yake na kamera dakika kumi, umemzibia wateja watano. Mwaka ule wa kwanza sikulijua hilo. Nilisimama, nikapiga, nikaondoka bila hata salamu.

Kubwa zaidi lilikuwa hili. Nilikiokota kisu bila kuomba, nikapitisha dole gumba kwenye bapa kuonja ulaini wake. Mhunzi hakusema neno. Alikichukua taratibu, akakigeuza, akakifuta kwa kitambaa chenye mafuta kuanzia mgongoni kushuka, mara tatu, akakirudisha mezani. Baadaye sana ndipo nilipoelewa. Vyuma wanavyopenda kufua hawa, kama 1084, vina kaboni nyingi na havina kinga ya kutu. Chumvi ya jasho la kidole ikikaa usiku mmoja inaacha alama ya kahawia yenye umbo la kidole chako. Aliyesugua siku nne anarudi kwenye msasa.

Siku hizi nafanya hivi. Ijumaa asubuhi sitoi kamera kabisa. Hapo watu wanakimbilia meza za wahunzi wenye majina, wengine wanapangiwa bahati nasibu ya nani anunue, kelele tupu. Nazunguka, nasalimia, nauliza chuma gani, mpini wa nini. Natazama kwa macho, mikono nyuma. Nikipenda kisu nasema wazi: naomba ruhusa nikipige picha Jumapili asubuhi watu wakiwa wachache, nitakutumia picha uitumie upendavyo. Wengi wanakubali. Anayekataa nashukuru na kupita, ana sababu zake. Kuna wengine kisu tayari kina mwenyewe na si chao tena kukitolea ruhusa.

Jumapili narudi na glavu. Kisu napokea kwa mpini, bapa likielekea mbali na watu wote. Naweka kibanda changu cha karatasi kwenye kona ya meza yake mwenyewe ili kisu kisitoke machoni pake. Dakika tano, sita. Mteja akija, nakunja. Ncha ya kisu daima inatazama upande ambao watu hawapiti, na sikiachi hata nikipigiwa simu.

Sasa yule mzee niliyemtaja mwanzo. Meza yake ilikuwa mwishoni kabisa mwa safu, karibu na mlango wa mizigo. Alikuwa na kisu cha kuwindia, bapa la sm 12 hivi lililong'arishwa hadi unajiona, na mpini mweusi ti. Nikamuuliza mti gani. Akasema ni mti mweusi wa Afrika, unatoka Tanzania. Nikaomba kuushika. Uzito ule unaujua mkono wangu. Kwetu Lindi ukitupa kipande cha mpingo mtoni kinazama kama jiwe, na baba yangu alikuwa na mchi wa mpingo ambao bado upo.

Nikamwambia: mzee, mti huu kwetu unaitwa mpingo. Akanitamkisha mara mbili. Akatoa kikadi cha kisu, akanipa kalamu, akaniambia niandike neno hilo chini ya jina la chuma. Tukazungumza robo saa, habari za vijiji vya Kilwa vinavyotunza misitu yao na kuuza mpingo kwa utaratibu, ambavyo mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, kile cha utunzaji bora wa misitu. Na kwamba tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mbao zake hazivushwi mpaka bila karatasi. Alikuwa anazo karatasi zake. Alinionyesha bila kuulizwa.

Kukipiga picha kile kisu kulinitoa jasho kuliko vyote. Ukipima mwanga kwa ajili ya bapa, mpingo unageuka shimo jeusi. Ukipima kwa mpingo, bapa linaungua. Suluhisho lilikuwa manila nyeupe ndogo, nyembamba kama rula, nimeilaza chini kabisa sambamba na mpini upande wa mbali, karibu igusane nao. Ikatoa mstari mmoja mwembamba wa mwanga kuanzia kwenye kituo cha kidole hadi kisigino cha mpini. Mstari ule ukaonyesha mviringo wa mpini. Halafu nikazungusha polaraiza, utando wa juu ukaondoka, na ndani ya weusi zikatokea nyuzi za hudhurungi iliyokolea, karibu na zambarau. Mpingo si mweusi, wakuu. Mtu aliyeuchonga anajua. Ile ndiyo picha aliyoitazama akanyamaza.

---

Mjukuu wa Mhunzi

Mkuu, umenigusa. Mimi ni wa Sumbawanga. Wazee wetu Ufipa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye malungu, zile tanuru ndefu za udongo kupita urefu wa mtu, kisha wanakisafisha kwenye tanuru ndogo za mivukuto. Mabaki ya malungu bado yapo porini. Majembe na mikuki vilitoka hapo. Kwa hiyo nikisoma kwamba kuna mahali duniani mhunzi anakaa mezani na watu wanapanga foleni, nafarijika.

Swali langu: huko mtu anaitwaje fundi? Ni kujitangaza tu au kuna kupimwa?

---

Mtu wa Lindi

Ndugu yangu, kwa wanaofua kuna chama kinaitwa American Bladesmith Society, kilianza 1976. Mwanzilishi wake, Bill Moran, ndiye aliyeleta visu vya chuma cha Dameski, kile chenye michoro ya tabaka, kwenye maonyesho ya chama cha Knifemakers' Guild mwaka 1973 na kuamsha ari ya kufua upya huku Marekani.

Kupimwa kupo, tena kwa vitendo. Unakuja na kisu ulichofua. Unakata kamba nene ya sm 2.5 inayoning'inia, kwa pigo moja. Unakatakata ubao wa mbao mpaka uachane, mara mbili. Baada ya hapo kisu hicho hicho kiweze kunyoa vinyweleo vya mkono. Mwisho kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90 bila kuvunjika vipande viwili. Ukivuka, unapeleka visu vitano mbele ya majaji hapa hapa Atlanta wakati wa maonyesho, wanavikagua kwa jicho lisilosamehe. Kwa daraja la juu kabisa, kisu cha majaribio kinakuwa cha Dameski, chenye tabaka zisizopungua 300.

Nimewahi kusimama nje ya chumba cha majaji nikiwaona watu wazima wanatoka wamefunika nyuso kwa viganja, wengine kwa furaha. Sikupiga picha.

Na kwa kuwa umenipeleka kwenye Dameski: michoro ile inatokana na vyuma viwili vilivyounganishwa kwa moto, mara nyingi 1084 na 15N20. Kikitiwa kwenye asidi, 1084 inageuka nyeusi, na 15N20, kwa kuwa ina nikeli, inabaki inang'aa. Maana yake tabaka za giza hazina mng'ao na tabaka za mwanga ni vioo vidogo vidogo. Lipe bapa karatasi nyeupe liitazame, vioo vyote vinawaka na mchoro unatoka wenyewe. Hapo manila nyeusi usiingize sana.

---

Kijana wa Matrah

Assalaam alaykum. Nawaandikia kutoka Muscat, mimi ni mzaliwa wa Unguja. Hapa kazi yangu inanikutanisha na khanjar kila wiki, yale majambia ya Kiomani ambayo ufundi wake uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022. Ala yake ni fedha, imejaa nakshi na nyuzi za fedha zilizosukwa.

Kwa heshima, kaka, sikubaliani nawe kuhusu kibanda cha karatasi. Nimekijaribu. Nakshi zote zinakufa, fedha inakuwa kama imepakwa chokaa. Mimi natumia taa moja ndogo tu, kutoka pembeni, chini, ikikwaruza juu ya nakshi. Kila uzi unapata kivuli chake.

---

Mtu wa Lindi

Wa alaykumus salaam kaka. Umesema kweli kwa nakshi, na nakubali nilizungumza kana kwamba visu vyote ni bapa tupu. Nakshi inahitaji kivuli, na kivuli kinahitaji taa ndogo ya pembeni. Kisu chenye nakshi kwenye chuma cha kati ya bapa na mpini hunipa shida hiyo hiyo.

Ila khanjar ikitolewa kwenye ala, lile bapa lililopinda lina mfupa katikati, na kila upande unatazama pengine. Taa yako ndogo hapo itakupa doa moja jeupe na giza kote. Mimi ningepiga mara mbili bila kusogeza kamera, moja kwa kibanda kwa ajili ya bapa, moja kwa taa yako kwa ajili ya fedha, kisha nikaziunganisha. Kwenye maonyesho hilo haliwezekani kirahisi, mtu akigusa meza tu zimeachana. Kwako wewe chumbani linawezekana.

---

Kijana wa Matrah

Hilo sijalijaribu. Kuna khanjar inakuja Alhamisi, nitalifanya. Na ule mpini wako wa mpingo nimeupenda. Hapa mipini ya zamani mingi ilikuwa ya pembe ya kifaru, siku hizi mafundi wanatumia vingine, na miti myeusi inapendeza sana na fedha.

---

Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimesoma uzi wote. Sina ugomvi na ufundi. Lakini visu ni visu, na mitandaoni watoto wanatazama. Hamwoni kwamba picha za kupendezesha silaha zina madhara yake?

---

Mtu wa Lindi

Shikamoo mwalimu. Umefanya vyema kuuliza.

Vingi ninavyopiga ni vya jikoni na vya kuchunia wanyama, na hata vile vya kupamba kabatini navipiga vimelala. Kuna mtindo wa kushika kisu kuelekeza kwenye lenzi au kukichomeka kwenye ubao. Siufuati, na wahunzi wazee nao hawaupendi. Picha yangu inaonyesha bapa, mpini, ala, na jina la aliyekitengeneza. Binti Malindi hapo juu ana kaka anayelisha nyumba yake kwa visu vya jikoni. Ningependa watoto wake waione kazi ya baba yao imepigwa picha kwa heshima ile ile inayopewa kinyago au msahafu wenye jalada zuri.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Nimekuelewa. Endeleeni.

---

Kamera Mkononi

Wakuu nimerudi. Jana nilichukua kisu cha mama cha kukatia sukuma wiki, kile cha mpini wa mbao, nikakipeleka kwa kinyozi jirani kwa sababu yeye ndiye mwenye taa nyeupe. Karatasi ya ramani nilikosa, nikatumia ile ya kuokea keki, nayo inapitisha mwanga. Manila nyeusi nikabandika kwenye boksi la viatu.

Nimeweka picha hapo chini. Kwa mara ya kwanza naona kisu cha mama kina mteremko! Ila upande wa karibu na ncha kuna doa jeupe linagoma kuondoka, na mpini umekuwa wa rangi ya chungwa kidogo.

---

Mtu wa Lindi

Kazi nzuri mno mkuu, na karatasi ya keki ni akili, nitaijaribu mwenyewe.

Rangi ya chungwa: kuna taa nyingine ya njano imewaka humo ndani, pengine ya kwenye kioo cha kinyozi. Izime upige tena. Doa jeupe: bapa linapinda kuelekea kwenye ncha, kwa hiyo sehemu ile haitazami unapotazama wewe, inaona taa yenyewe ikichungulia nje ya karatasi. Chukua plastisini, au ugali kidogo kama huna, weka chini ya mpini ili kisu kiinamike kwa nyuzi moja au mbili. Doa litasogea. Lifuate mpaka litoke nje ya ncha.

Na kabla hujapiga tena futa pale karibu na mpini, kuna alama ya kidole gumba. Anza mgongoni ushuke.